Atakayemwita Antonia Mgeni

Mitwero, Lindi
6 Februari 2022

Kwa Mama Kibibi,

Shikamoo mama yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na mbuzi wako hawajaingia tena kwenye mihogo ya jirani ukaitwa kwa mwenyekiti. Mimi huku sijambo. Rafiki yangu Getrude anakusalimu sana. Amenipa chumba cha mbele mpaka nimalize shughuli ya kitambulisho, na meza ya kuwekea cherehani, na kila nikimshukuru ananifokea.

Najua umenipigia mpaka umechoka. Ile laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani yetu Abdulrazak imefungwa, na siku hizi bila kitambulisho cha taifa husajiliwi nyingine. Getrude anasema nitumie simu yake, lakini simu ya kuazima unaongea huku mwenye nayo amekaa pembeni anasikiliza, na mambo yangu haya sitaki yafike sokoni kabla sijayaelewa mwenyewe. Ndiyo maana nimenunua daftari. Barua nampa konda wa basi la Dar, ataishusha Miteja kwenye kibanda cha mwenyekiti Hussen. Nawe fanya hivyo hivyo.

Kwa ufupi ni hivi. Nilikwenda kuomba kitambulisho, nikaulizwa wazazi wangu walizaliwa wapi. Nikaelekezwa Uhamiaji. Wamenipokea vizuri, hakuna aliyenifokea, ila wameniambia lazima nifanye maombi ya uraia, na maombi yakikataliwa sitaruhusiwa kuendelea kukaa. Nitatakiwa nirudi kwetu. Mama, niliposikia "kwetu" nilidhani wanasema Miteja. Nilipofika nje getini ndipo nikaelewa kwamba wanasema ng'ambo ya Ruvuma, ambako sina hata mtu mmoja wa kunifungulia mlango.

Fomu nimeshajaza. Afisa atakuja kijijini kuuliza habari zangu kwa watu. Mpokeeni vizuri. Niombee.

Mwanao,
Antonia


Miteja
15 Februari 2022

Mwanangu Antonia,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, mgongo ni ule ule, na mbuzi hawana kesi mwezi huu. Barua yako nimeisoma mwenyewe neno kwa neno. Wale waliokuwa wananicheka nilipokwenda kisomo cha watu wazima na kanga yangu moja, leo wanakuja kwangu kusomewa karatasi zao za hospitali. Kwa hiyo usiniandikie kwa herufi kubwa kubwa kama unamwandikia mtoto wa chekechea.

Sasa nikuulize. Huo uraia wa kuomba ndio upi? Mtu huomba alichonacho? Ebo! Miaka thelathini na sita unalima hapa, unashona sare za watoto wa shule hapa, mama yangu mzazi ulimuuguza mpaka akafia mikononi mwako, halafu mtu aje aniulize wewe ni wa wapi! Nilitaka nipande basi nije niwaambie mwenyewe. Hussen akanishika mkono, akasema, "Bi Kibibi, ukienda wewe ndio watamfukuza kabisa." Mshenzi yule, lakini anasema kweli.

Basi tumekaa kikao. Walikuja hata wasiokujaga kwenye mikutano ya maji. Wewe kula, lala, shona nguo za watu. Sisi tumejipanga. Huyo afisa akija atakuta kijiji kina mdomo mmoja.

Nimempa konda makopa ya muhogo na karanga kidogo. Akisema karanga zilimwagika njiani, mwambie anyanyue mikono umpekue.

Mama yako,
Kibibi


Miteja
4 Machi 2022

Antonia mwanangu,

Hujambo? Getrude hajambo? Sisi ni wazima na furaha imetujaa, ndiyo maana nakuandikia ingawa zamu yangu haijafika.

Afisa alikuja juzi. Kumbe ni binti mdogo tu, mwenye miwani. Alipofika aliinama akanipa shikamoo yangu kamili, nikasema moyoni, huyu kalelewa. Tukamkalisha ofisi ya kijiji, tukampa dafu, akafungua faili lake.

Laiti ungekuwepo! Walisimama watu thelathini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na wote walisema neno moja: Antonia kazaliwa hapa hapa Miteja, nyumbani kwa Kibibi. Josephat wa bi Anjelina akasema yeye mwenyewe alikusikia ukilia siku uliyozaliwa. Na Josephat ni mdogo kwako kwa miaka miwili! Nilimkanyaga mguu mpaka akanyamaza. Kisha mimi nikamchukua binti hadi uani, nikamwonyesha ule mnazi, nikamwambia kitovu cha mwanangu kimezikwa chini ya huu. Akaniuliza, "Una hakika, bibi?" Nikamwambia, "Nilikizika mimi, nani awe na hakika zaidi?" Na lile kaburi la marehemu Ambrosi, baba yako mdogo, nikamwambia ni la mjomba wangu. Mungu anisamehe, lakini Ambrosi naye hakukataa.

Kaandika kurasa sita. Alipoondoka alilikumbatia faili lake kifuani, nikajua ameshiba. Kaa tayari, karatasi yako inakuja.

Mama yako,
Kibibi


Mitwero
20 Machi 2022

Mama yangu,

Shikamoo. Getrude mzima. Mimi nami mzima wa mwili. Karanga zilifika zote.

Juzi niliitwa ofisini. Yule afisa aliweka karatasi mezani, upande mmoja fomu niliyojaza mimi, upande wa pili maneno ya kijiji. Mama, kwenye fomu niliandika kweli. Niliandika kwamba nilizaliwa Mueda, Msumbiji, na nilivuka Ruvuma mwaka 1986 nikiwa na miaka minane, tukikimbia vita, mimi na baba mdogo Ambrosi. Kwamba mama yangu mzazi alifia njiani na hatukupata nafasi ya kumzika. Kwamba lori lililotubeba liliharibikia Miteja, baba mdogo akashikwa na homa, siku ya tatu akafa, nami nikabaki nimekaa kando ya barabara na kikombe cha bati mpaka wewe ulipotoka shambani ukanikuta.

Yote hayo niliyaandika, na wewe sikukuambia. Niliona aibu. Umenilea vile, halafu mimi nikajiita mgeni kwa mkono wangu mwenyewe! Nikasema bora usijue.

Sasa wakubwa wa yule afisa wanauliza, nani anadanganya? Watu thelathini na mmoja hawawezi kukosea wote. Kwa hiyo wengine wanadhani mimi ni mtu baki niliyechukua jina la Antonia wa Miteja. Wengine wanadhani niliwafundisha ninyi cha kusema. Afisa kanipa mpaka mwisho wa mwezi wa tano maelezo yawe yamenyooka. Yasiponyooka faili linafungwa, na mimi navushwa mto.

Sikulaumu, mama. Nilirudi nyumbani nikajifungia nikalia, na Getrude akadhani nalia kwa woga. Woga ninao, lakini nililia kwa ajili ya ule mnazi. Kuna watu hawana hata mmoja wa kuwasemea kweli, mimi kijiji kizima kimekubali kubeba dhambi ya uongo kwa ajili yangu. Nawapenda kwa hilo. Lakini uongo huo utanipeleka nisikokujua. Nakuomba mrudi mkamwambie kweli. Semeni nilikuja.

Mwanao,
Antonia


Mitwero
Jumapili ya Pasaka, 17 Aprili 2022

Mama,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwako na kwa wote hapo nyumbani. Usifunge ukiumwa mgongo, Mungu anauona.

Ni wiki ya nne sasa sijapata jibu. Konda ameapa kwamba barua aliiweka mkononi mwa Hussen. Mwishowe nilishindwa, nikampigia Hussen kwa simu ya Getrude. Akasema, "Mama yako mzima. Mpe muda," akakata.

Leo kanisani nilikuwa nakukumbuka. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanipeleka kigangoni kila sikukuu, saa mbili kwa miguu, halafu unakaa nje kwenye ngazi umejitanda kanga yako. Padri akitoka anakuambia, "Karibu ndani, mama." Nawe unamjibu, "Mwanangu yumo, inatosha." Leo nilipotoka niliangalia kwenye ngazi kama mjinga.

Mama, nimekuudhi? Kama nimekuudhi kwa kuandika vile kwenye fomu, nitukane, lakini niandikie. Zimebaki wiki sita. Getrude ameanza kunishonea begi la nguo, anasema ni la kurudia Miteja. Tunajua wote wawili kwamba linaweza likawa la safari nyingine.

Mwanao,
Antonia


Miteja
27 Mei 2022

Antonia mwanangu,

Marahaba, mara mia. Mimi mzima. Nisamehe. Hukuniudhi hata chembe. Kaa chini usome pole pole, barua hii ni ndefu na nimeiandika siku mbili.

Kuna jambo unalijua nusu tu. Mwaka ule ulipofika wakati wa kuchezwa unyago, wakati ninyi wali mmeketi kwenye mkeka, kungwi mmoja, kafa sasa na simtaji, alisema mgeni haingii ndani na watoto wetu. Ulisikia kelele, ukaambiwa wanagombania ngoma. Haikuwa ngoma. Mama yangu, bibi yako, alinyanyuka na ule ukali wake, akachota unga wa mtama, akaumwaga mlangoni, akasema mbele ya wote: "Kuanzia leo, atakayemwita mtoto huyu mgeni, unga huu umwone." Wanawake wote wakaitikia. Waliporudi majumbani wakawaambia waume zao. Wewe ulikuwa unadhani watu wa Miteja wapole? Wapole wapi! Umegombana na nusu yao kisimani, wamekuita mchoyo, wamekuita mwenye kiburi, lakini lile neno hujalisikia hata siku moja. Wanauogopa unga wa mama yangu.

Kwa hiyo uliponiandikia "semeni nilikuja", nilisoma kama unatuambia tukuite mgeni. Nilipita nyumba kwa nyumba. Kila mtu alinijibu, "Bi Kibibi, kweli naijua, lakini kuitamka siwezi, nina watoto." Ningewalaumu vipi, na mimi mwenyewe nilishika kalamu mara nne kukujibu, na kila nilipofika kwenye neno lile mkono ulikataa? Ramadhani nzima nilifunga na mzigo huo. Nilikuwa nawaza kwamba wewe unavushwa mto kwa sababu mama yako anaogopa unga uliomwagwa miaka thelathini na zaidi iliyopita, na bado nilikuwa naogopa.

Idi ilipopita ndipo nikamkumbuka Klementi. Unamkumbuka? Mtani wa ukoo wetu, yule wa kule milimani, aliyekuja kwenye msiba wa bibi yako akaingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Mtani hadhuriki na mwiko wetu. Alichokifunga mzee wetu, mtani anaweza kukifungua. Nikampelekea habari. Akanijibu, "Mmenikumbuka baada ya kuharibu kila kitu, kama kawaida ya ukoo wenu."

Hussen naye akamwomba afisa arudi. Walikuja juzi Jumatano, yule binti na mkubwa wake, mwanamume mmoja asiyecheka. Ofisi ya kijiji ilijaa, wengine wakasimama madirishani. Binti akasema, "Bibi zangu, babu zangu, leo nataka kusikia Antonia alifikaje hapa." Kila mtu anaangalia miguu yake.

Mara tukasikia matusi yanakuja kutoka barabarani. Klementi huyo, kavaa koti la mvua na jua linawaka, mkono mmoja ufagio, mkono mmoja kikapu cha majivu ya jikoni. Kafika mlangoni, kamwaga majivu yote kwenye kizingiti, kapaza sauti: "Bibi yenu alimwaga unga, mimi mtani namwaga majivu! Antonia mgeni! Mgeni! Mgeni! Kawalia mihogo yenu miaka thelathini na sita, na ninyi wapumbavu mnamwita mwana! Nimesema mara tatu. Unga unione mimi, tuone kama bado una meno!" Wanawake walipiga ukelele. Mimi nikakaa chini. Yeye akachukua ufagio akafagia majivu yale nje, akicheka, akatugeukia: "Haya, njia safi. Semeni. Na jogoo wangu awe mwekundu."

Yule mkubwa akauliza, "Huyu mlevi ni nani?" Hussen akasimama. Antonia, mimi Hussen namjua toka anatembea bila suruali, na sijawahi kumwona hivyo. Akasema, "Mheshimiwa, si mlevi. Ni mtani wetu, na katufungua midomo." Akamweleza habari ya unga, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mara ya kwanza tulikudanganyeni wote, na mimi mwenyekiti nilitangulia. Antonia hakujua lolote. Kama uongo ule una jela, tafuteni jela ya watu thelathini na mmoja, jina langu liandikwe juu."

Halafu yakaanza kumwagika. Abdulrazak akasema baba yake ndiye aliyechimba kaburi la Ambrosi, na kwa kuwa hapakuwa na mtu anayejua sala za Kikristo, walimtuma kijana na baiskeli mpaka kigangoni kumleta mwalimu wa dini, na kijiji kizima kikakaa na maiti kutoka asubuhi hadi alasiri kumngoja, kwa sababu si haki kumzika mtu kwa sala isiyo yake. Mwingine akasema siku ya tatu ulipewa jembe kama mila inavyotaka, na jembe lilikuwa refu kuliko wewe, ukalikumbatia ukalala nalo. Josephat akasema, "Nilisema nilimsikia akilia alipozaliwa. Ni uongo. Nilimsikia akilia alipofika. Nilikuwa na miaka sita, nikamwuliza mama, yule dada analia kwa lugha gani?"

Na mama yake Josephat, bi Anjelina, ambaye siku hizi haoni vizuri, akasema, "Mimi nilimpa uji. Alikunywa nusu. Nusu akaifunika na jani kwenye kikombe chake, akasema ni ya baba mdogo. Na baba yake mdogo tulishamzika."

Hapo watu walishindwa kuzuia machozi, wanaume kwa wanawake. Binti alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Ikafika zamu yangu. Nilikwenda na kile kikombe cha bati, nikakiweka mezani kwake. Nikasema, "Sikumzaa." Mwanangu, neno hilo lilinitoka kama jino. "Sikumzaa. Alikuja. Nilikuwa natoka shambani nikamkuta kakaa barabarani, nikamwambia twende, akaja." Binti akaniuliza kwa upole, "Na mnazi, bibi?" Nikamwambia, "Mnazi niliupanda siku ile aliyofika. Watoto wa hapa wana minazi yao. Kitovu chake sikuwa nacho, nikapanda hivyo hivyo."

Waliandika mpaka alasiri. Mkubwa yule asiyecheka, wakati wa kuondoka, alimpa Klementi mkono. Klementi akauangalia ule mkono akamwuliza, "Uko mtupu?"

Sijui watasema nini huko. Tumefanya tulichotakiwa kufanya toka mwanzo. Kama watakukatalia, mimi nakuja kupanda nawe hilo lori la kukuvusha.

Mama yako,
Kibibi


Mitwero
12 Juni 2022

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu Getrude alinisomea kwa sababu macho yangu yalikuwa hayafai.

Niliitwa juzi. Afisa alinisomea ushahidi wote, kurasa kumi na tisa. Aliniuliza mambo madogo madogo, jembe lilikuwa na mpini gani, uji ulikuwa wa nini. Nikamwambia wa mtama. Akatazama karatasi yake akaitikia kwa kichwa, maana bi Anjelina naye alisema mtama. Ule uji mama nilikuwa nimeusahau kabisa. Ulirudi pale pale ofisini, nikausikia mdomoni.

Akaniambia uongo wa kwanza wameuandika kwenye faili, lakini na sababu yake wameiandika. Hakuna atakayefungwa. Faili linakwenda Dodoma na maoni mazuri. Kule hukaa sana, hata miaka, ila kwa sasa nimepewa karatasi ya kuendelea kukaa. Sivushwi mto.

Mimi unga ule sikuujua. Miaka yote hiyo nilikuwa natembea Miteja nikidhani watu wamesahau nilikotoka. Kumbe hakuna aliyesahau hata siku moja, walikuwa wananitunzia. Nisalimie kila mtu kwa jina lake. Bi Anjelina mshike mkono kwa niaba yangu. Mwambie mtani Klementi kwamba mgeni anamsalimu, na anamshonea suruali, maana zake zote zina matundu makalioni.

Mwanao,
Antonia


Mitwero
9 Oktoba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo! Shikamoo tena! Mzima wewe? Mgongo? Naandika nimesimama kwa sababu nimeshindwa kukaa.

Kimetoka. Cheti cha uraia kimetoka, nimekishika, kina jina langu. Miaka miwili na zaidi umekuwa ukiniambia katika kila barua "kula, lala, shona", na leo nimeshindwa kufanya hata kimoja. Niliapa jana. Yule afisa alikuwepo, siku hizi amepanda cheo, na baada ya kiapo alikuja akaniuliza, "Bibi wa mnazi hajambo?" Sasa kitambulisho nacho nitapata, na laini ya simu kwa jina langu mwenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu napanda basi, nakuja nyumbani na cherehani yangu na lile begi la Getrude. Getrude ananisindikiza. Kalia zaidi yangu, ungedhani ni yeye aliyepewa.

Nadhani hii ndiyo barua yangu ya mwisho, mama. Nikishapata laini nitakupigia kila siku mpaka unichoke.

Mwanao,
Antonia


Miteja
18 Oktoba 2024

Mwanangu Antonia,

Marahaba, na alhamdulillahi. Konda safari hii hakungoja kufika kwa Hussen, alipiga honi toka mbali kama ana bibi harusi ndani, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kimenizunguka nilipofungua. Niliwasomea kwa sauti. Vigelegele vilivyopigwa, mbuzi walikata kamba. Josephat alikwenda kuukumbatia mnazi. Mjinga yule, lakini nilimwacha.

Barua ya mwisho kasema nani? Simu ikishakatwa maneno yamekwenda. Barua zako ziko chini ya mto wangu zote, na mtu akiniudhi natoa moja nasoma. Piga simu ukitaka, lakini kuandika uandike.

Unga umemwagwa upya. Klementi kaumwaga mwenyewe jana, kwa mkono wake, baada ya kumaliza jogoo wa pili mwekundu. Mwiko ni ule ule, ila kajiwekea nafasi. Yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kukuita mgeni, mpaka siku utakapomzika, na anasema siku hiyo ataamka akuite mara ya mwisho.

Sasa nikwambie jambo jingine, ndilo lililonifanya nichelewe kujibu. Wiki iliyopita walishuka watu kwenye lori hapo barabarani. Mwanamke anaitwa Stefania, na binti yake wa miaka saba. Wametoka kule kwenu, kule kunakochomwa vijiji siku hizi. Mchana mtoto hashiki mkono wa mtu, usiku analia kwa lugha yake. Bi Anjelina kasikia habari, kaja anapapasa ukuta mpaka kwangu na chungu cha uji. Chumba chako wanalala wao, ukija utalala na mimi.

Tumefanya tofauti safari hii. Kabla ya kitu chochote Hussen alipiga simu wilayani, siku ile ile, akaeleza ukweli. Kisha tumefungua daftari la kijiji la watu waliopokelewa, lina muhuri. Tumekubaliana wote kwamba karatasi itangulie, unga ufuate. Mtoto yule asije akafika umri wako akahitaji mtani amfagilie njia.

Walinipa mimi kalamu, eti kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Stefania na mwanawe nimewaandika mstari wa pili. Hussen akaniuliza mbona wa kwanza nimeuruka. Nikamwambia una mwenyewe. Nikaujaza mbele yao: Antonia, miaka minane, katoka Mueda, kafika Miteja mwezi wa kumi na moja 1986, ana kikombe kimoja cha bati. Kulikuwa na nafasi ya mwisho imeandikwa "amepokelewa na". Niliandika Kibibi, mama yake, na mkono haukukataa.

Njoo upesi. Huyu mtoto anahitaji mtu wa kuzungumza naye kwa lugha anayolilia.

Mama yako,
Kibibi